Mkanda Begani: Mhadhara wa Mtaalamu Aliyejithibitisha

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao, ambaye ni mimi. Ndugu katibu, ambaye bado yuko kwenye foleni ya magari. Wazee wetu, shikamooni. Kina mama mliowahi viti vya karibu na feni. Na ninyi vijana mnaoegemea mashine ya kufulia: itifaki imezingatiwa.

Ahsanteni kwa makofi. Hata wale ambao hawakupiga, nia nimeiona.

Tumekusanyika katika gereji hii, jijini Houston, jimbo la Texas, katika joto ambalo kwetu Tanga lingehesabiwa kuwa dharau, ili nitoe elimu ambayo jamii yetu imeikosa kwa muda mrefu. Najua wengine mmekuja mkidhani ni kikao cha mchango wa harusi. Si hivyo. Mada ya leo ni namna ya kufunga mkanda kwenye shotigani ya kulinda nyumba. Anayetaka kuondoka anaweza, ila sambusa zitakuja baada ya sehemu ya nne.

Mtu asije akaniuliza nimesomea wapi. Nimesomea hapa hapa, kwenye kiti hiki, usiku, baada ya zamu ya ghala, kwa kutazama video za wanaume wenye ndevu wanaovaa kofia na miwani ya jua wakiwa ndani ya nyumba zao. Nimesoma vijitabu vyote vinavyokuja ndani ya boksi, pamoja na kurasa za Kifaransa nisizozielewa. Na damu nayo inachangia. Mjomba wangu alilinda duka la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam akiwa na bunduki aliyoifunga kamba ya manila, na mpaka anastaafu kamba ile haikuwahi kukatika. Kama bunduki yenyewe ilikuwa na risasi, hilo hakuna aliyelithibitisha, lakini mhadhara huu hauhusu risasi.

Sasa, vielelezo. Mlitarajia kuona bunduki. Hamtaiona. Mwenye namba za siri za kabati la chuma ni Mama Zawadi, naye ameamua kwamba mahali penye watoto wanaokimbizana, sambusa na bia, bunduki haitoki kabatini. Mimi kama mtaalamu naheshimu maamuzi ya bodi. Baada ya mazungumzo marefu, bodi imeniruhusu kitu kimoja tu: kitako cha mbao, ambacho nimekivua kwa bisibisi ndefu, na ambacho kikiwa peke yake hakiwezi kumdhuru mtu labda akirushiwa. Hiki hapa, ndani ya taulo. Kwa sehemu zilizobaki tutatumia fagio. Upande wa mpini ndio mtutu. Naomba msicheke, wanajeshi wengi wa dunia hii walianza na fimbo.

Tuanze na chombo chenyewe, kwa wale waliokuja bila kujiandaa. Shotigani ya nyumbani hapa Marekani mara nyingi ni ya geji 12. Maana yake ni kwamba ukichukua ratili moja ya risasi nyeusi, ukaigawa mapande 12 yaliyo sawa, ukafinyanga kila pande kuwa goroli, goroli moja litapita sawasawa kwenye mtutu huo. Ndiyo hesabu ya Waingereza wa kale, watu ambao hawakuwa na futikamba ya kuaminika. Kwa kipimo cha watu wa leo ni karibu milimita 18.5. Bunduki tupu ina uzito wa kama kilo 3 na kidogo. Kumbukeni uzito huo, maana kuna watu humu wanaotaka kuongeza tochi, kishikio cha risasi sita za akiba ubavuni, na kioo cha kulengea, halafu wanashangaa kwa nini mkanda unakata bega.

Waumini wake wamegawanyika katika madhehebu mawili. Kuna wa Remington 870, iliyotoka mwaka 1950, na kuna wa Mossberg 500, ya miaka ya 1960. Kila moja imeuzwa kwa mamilioni, na kila dhehebu linaamini jingine litachomwa moto. Mimi ni wa Mossberg, na sababu yangu ni ya kizalendo: Oscar Mossberg alikuwa mhamiaji kutoka Sweden, akaanzisha kampuni yake na wanawe mwaka 1919 akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 50. Mhamiaji, kazi za viwandani za watu wengine, halafu chake mwenyewe uzeeni. Huyo ni mwenzetu. Angekuwa hai ningemwalika hapa na angekaa mbele.

Kijana wa viza ya mwanafunzi, wewe mwenye soda ya zambarau, nakuona unaandika sana. Andika na hili: sheria ya nchi nzima inamkataza mtu wa viza ya muda kumiliki au hata kushika bunduki, ila kwa mianya michache kama leseni ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, na dukani atajaza Fomu 4473 na kujibu maswali yake kwa ukweli, kwa sababu uongo katika fomu ile ni kosa la jinai, na uhamiaji hawasahau. Wewe chukua nadharia. Vitendo vitakuja na makaratasi.

Historia nitaipitia haraka, kwa sababu ninaiweza.

Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Wamarekani walipeleka mahandaki ya Ulaya shotigani ya Winchester ya mwaka 1897, iliyobuniwa na John Browning. Waliifupisha mtutu, wakaufunika kwa bati lenye matundu ili mkono usiungue, wakaweka mahali pa kuchomeka singe, na, sikilizeni hapa, wakaweka pete za mkanda. Septemba 1918 serikali ya Ujerumani ikapeleka malalamiko rasmi ikisema silaha hii inaleta mateso yasiyo ya lazima na inavunja Mkataba wa Hague. Wajerumani hao hao walikuwa na gesi ya sumu, lakini hayo tuwaachie wenyewe. Nimeyachambua malalamiko yale kwa jicho la kitaalamu. Wamelalamikia bunduki. Wamelalamikia risasi zake. Mkanda hawakuugusa. Kwa hiyo mkanda ndiyo sehemu pekee ya shotigani ambayo imekubaliwa na pande zote mbili za vita.

Mwaka 1934 likaja sheria la kitaifa la silaha. Nasema sheria "la" kwa sababu ni kubwa. Lilitungwa kwa hasira ya zama za majambazi, na mpaka leo linataka mtutu wa shotigani usipungue inchi 18, ambazo ni karibu sentimita 46, na bunduki nzima isipungue inchi 26. Anayekata mtutu ukawa mfupi zaidi bila kibali anatafuta jela. Mwaka 1939 kesi ya mtu mmoja, Jack Miller, aliyekamatwa na shotigani iliyokatwa, ilifika Mahakama Kuu ya Marekani. Upande wake hakutokea hata wakili kuzungumza, na Miller mwenyewe aliuawa kwa kupigwa risasi kabla hukumu haijasomwa. Wanasheria wanabishana hadi leo majaji walimaanisha nini. Mimi sibishani. Naona tu kwamba mtu alikata bunduki ikawa fupi ili aifiche ndani ya koti, wakati angeweza kuiacha ndefu na kuivaa begani kama muungwana.

Halafu mwaka 2013 Joe Biden, wakati huo makamu wa rais, akaeleza hadharani kwamba alimwambia mkewe: likitokea tatizo, toka barazani na shotigani ya mitutu miwili, fyatua mara mbili nje ya nyumba. Watu wa sheria walishika vichwa, kwa sababu kufyatua ovyo hewani kunaweza kukupeleka wewe mahakamani badala ya mwizi. Mimi nilishika kichwa kwa sababu nyingine. Mama wa watu anatoka barazani usiku, bunduki mkononi, mlango wa kufungua, taa ya kuwasha, na mume hajamtajia mkanda hata kwa kupitiwa.

Hapo sasa tumeingia kwenye kiini. Mkanda ni wa nini?

Mtu wa kawaida atasema ni wa kubebea. Mtu wa kawaida ni mwindaji, anapanda kilima asubuhi na kushuka jioni. Nyumba hii haina kilima. Kutoka kitandani hadi jokofu ni hatua chache, na njia hiyo nimeisafiri bila mkanda kwa mafanikio makubwa. Ndani ya nyumba, mkanda ni wa mikono. Shotigani ya pampu inakula mikono miwili: mmoja kwenye kitako na kifyatulio, mwingine kwenye kile kishikio cha mbele unachokivuta nyuma na kukirudisha ili ganda litoke na risasi nyingine iingie. Sasa piga picha ya saa nane za usiku. Unahitaji mkono wa kupiga simu 911. Unahitaji mkono wa kufungua mlango wa chumba cha mtoto. Unahitaji mkono wa kumbeba mtoto mwenyewe, ambaye amelala fofofo na ni mzito kama gunia la mchele. Polisi wakifika, unahitaji mikono yote miwili iwe mitupu na ionekane, na hili kwetu sisi watu weusi si la kufanyia majaribio. Bunduki uiweke wapi? Juu ya kochi? Umwachie nani? Mkanda ndio unaojibu swali hilo, nao ni utepe wa naironi tu.

Mama Zawadi, nakusikia. Ndiyo, ni kweli kuna watu wanaosema usitembee nyumbani gizani kabisa. Wakusanye watoto chumba kimoja, funga mlango, kaa nyuma ya kitanda, piga 911, subiri. Wanasema nyumba za hapa kuta zake ni karatasi na jipsamu, kwamba risasi ya marisau makubwa, yale ya vidonge tisa vyenye unene wa milimita nane na ushee, inapenya ukuta mmoja na wa pili na kufika alipolala mtoto. Wanasema pia kwamba kwa umbali wa sebule marisau hayatawanyiki kama kwenye sinema, yanabaki fungu la ukubwa wa kiganja, kwa hiyo kulenga ni lazima. Na kwamba mlio wake ndani ya chumba unaweza kukuachia kelele ya masikio ya maisha. Haya yote ni sahihi, yanasemwa na wakufunzi wenye vyeti, na ukiyafuata kweli hutahitaji mkanda. Ndiyo maana siyapendi. Yanaua fani.

Tuendelee na aina.

Mkanda wa ncha mbili ndio baba wa mikanda. Ncha moja kwenye kitako, nyingine mbele karibu na mwisho wa ule mrija wa risasi ulio chini ya mtutu. Umekuwapo tangu enzi za babu na hauna maneno. Mkanda wa ncha moja unashika mahali pamoja tu, nyuma ya mwili wa bunduki, na kazi yake ni kuiacha ining'inie kifuani. Vijana wanaupenda kwa sababu ya sinema. Ukiiachia bunduki ya kilo tatu na zaidi ikaning'inia kwa ncha moja halafu ukapanda ngazi, mdomo wa mtutu utatembelea goti la kulia, goti la kushoto, na sehemu ya katikati ambayo mbele ya wazee hawa sitaitaja. Wa ncha tatu ulikuwa fasheni zamani kidogo. Una kamba inayozunguka mwili wako na nyingine inayopita ubavuni mwa bunduki kutoka mwisho hadi mwisho, pale pale mkono wa pampu unapofanya kazi. Nilimwona jamaa mmoja akijaribu kuuvua. Tulimsaidia watatu.

Kwa hiyo ni ncha mbili. Nimeshafunga mjadala.

Upana: kuna wa inchi moja na wa inchi moja na robo. Pete inunuliwe kwa kipimo cha mkanda. Mkanda mpana kwenye pete nyembamba unajikunja, na mkanda mwembamba kwenye pete pana unatambaa huku na huku usiku kucha. Mali yake iwe naironi ya kawaida. Ngozi inapendeza lakini inahitaji mafuta, nasi hata viatu hatupaki. Ule mpana wenye sponji, unaonyumbuka kama mpira, unafanya bunduki irukeruke unapotembea. Uwe na bizimu ya kukazia na kulegezea haraka, kwa kuvuta mkono mmoja, na ile ncha inayobaki ikining'inia ikunjwe na kufungwa kwa lastiki. Pete za chuma zinagongana, ting, ting. Zizungushie utepe wa umeme. Mimi nilizungushia wa rangi ya waridi kwa sababu ndio uliokuwepo, na sitaki maoni.

Ncha ya mbele. Hapa watu wengi wanatupa pesa. Ile 870 ina kofia ya kufungua mwishoni mwa mrija wa risasi, hivyo unanunua kofia yenye kishikizo cha mkanda, unafungua ya zamani, unafunga mpya, kwisha. Mossberg 500 ya kawaida mrija wake umezibwa. Mtutu unashikiliwa na skrubu kubwa ya mkono inayoingia mwisho wa mrija, basi unatafuta skrubu ya aina hiyo iliyotobolewa kwa ajili ya pete. Mossberg 590, ndugu yake, ina kofia inayofunguka. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimekununulia pete ya shotigani", muulize ya nani, maana hazikopeshani. Na mkishafungua kofia ya 870 au 590, shikilieni vizuri, kuna springi ndefu ndani ambayo imekaa kwa subira ikimngoja mtu kama wewe. Feni ile ilikuwa na mapanga matano.

Halafu upande. Kishikizo kikiwa chini kabisa, mkanda uliolegea unaanguka kati ya kiganja na pampu. Unavuta, pampu haifiki mwisho, ganda halitoki, na wewe umesimama kwenye korido na fimbo ya bei ghali. Ukiweza kupata kishikizo cha pembeni, kiwe upande wa kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia, kwa sababu kulia ndiko maganda yanakotokea, na mkanda ukijipitisha mbele ya kitundu hicho mtakuwa na mazungumzo.

Sasa kitako. Kipitisheni mikono kwa mikono, taratibu, na anayekula sambusa afute vidole. Nimeambiwa bado sambusa. Basi.

Vitako vya plastiki mara nyingi huja na kishikizo kimeshawekwa kiwandani, na wenye navyo wanaweza kupumzika. Cha mbao kinatobolewa, na ndipo mwanaume anapojulikana. Kwanza, kabla ya yote, bunduki inatolewa risasi zote, chemba inatazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole, mrija nao vivyo hivyo, na risasi zinapelekwa chumba kingine kabisa. Hili silifanyii utani. Kisha vua kitako kama nilivyokivua hiki; kuna skrubu moja ndefu ndani, inafikiwa kwa nyuma ukishaondoa mpira wa bega. Pima kama sentimita 6 au 7 kutoka kisigino cha chini, katikati ya ukingo. Bandika utepe wa karatasi ili ubao usichanike, weka alama ya kalamu, gonga msumari kidogo ili ncha ya drili isiteleze. Toboa wima. Tundu liwe jembamba kuliko skrubu, lakini lisiwe jembamba mno, na kina chake kitoshe urefu wa skrubu. Paka sabuni kwenye nyuzi za skrubu. Kisha kaza kwa mkono, pole pole, ukirudi nyuma kidogo kila inapokataa. Mti mkavu wa walnati ukilazimishwa hupasuka kufuata nyuzi zake, na ufa ukishaanza hauombi ruhusa.

Naona bibi harusi mtarajiwa pale ameweka kidole kwenye mstari fulani. Mama Zawadi anasema ni ufa. Si ufa. Ni mstari wa asili wa mti, ambao umejitokeza kutokana na hali ya hewa ya Houston, Jumamosi iliyopita mchana, karibu na skrubu.

Urefu wa mkanda hupimwa kwa mavazi ambayo utakuwa nayo kweli. Video zote zinaonyesha mtu mwenye koti la mifuko kumi na mbili. Saa nane za usiku utakuwa na kanga au kaptula. Ivae bunduki tupu, iachie ining'inie, piga magoti, simama, inua mpaka begani, hakikisha mkanda haukukabi wala haukuzungushii kiwiko. Kisha mbebe mtoto, au mto wa kulalia kama watoto wamekukimbia. Ikiwa mtutu unamwelekea mtoto, mkanda ni mrefu mno au umekosea upande.

Na sasa lile ambalo maadui zangu wanalisubiri: milango. Nyumba hii ina vitasa vya mkono, vile vya kubonyeza chini, vimechongoka kama pembe za mbuzi. Mkanda ukining'inia bila kazi unatengeneza kitanzi, na kitanzi kinapenda pembe. Kuna uvumi unaozungushwa katika jamii hii kwamba usiku mmoja mtaalamu alikuwa akifanya mazoezi na fagio hili hili, akasikia kitu kwenye pipa la taka nyuma ya nyumba, akaelekea huko kwa mwendo wa kijeshi, akashikwa na mlango wa stoo ya chakula, akageuka kujinasua, akaangusha taa ya kusimama, akabaki amefungwa begani kwa mlango hadi mkewe alipokuja na mkasi. Uvumi unaongeza kwamba kule nje alikuwa rakuni, na kwamba aliendelea kula. Mimi nasema hivi: lilikuwa jaribio. Matokeo yake ni kwamba mkanda usiotumika ukunjwe kwenye kitako na kubanwa na lastiki au velkro, ukivuta unafunguka, usipovuta umetulia. Wengine wanaouvua kabisa kwa pete za kubonyeza na kuuweka kwenye rafu, wakauchomeka siku ya kwenda uwanja wa shabaha tu, sitasema wana akili kunizidi. Nitasema hawana taa ya kununua.

Kuhusu mahali pa kuweka yote hayo nimeshasema: kabati la chuma, limefungwa, na namba anazo mtu mmoja. Kwa nini si mimi, ni suala la utawala bora.

Maswali. Mafupi.

Dada pale nyuma anauliza kama mkanda unafaa pia kwa begi la laptopu. Unafaa. Kwa nini uliuliza mbele za watu?

Shemeji anauliza bei. Shemeji, elimu haina bei, ila mkanda mzuri unazidi pesa uliyotoa kwenye mchango wa mwaka jana.

Papa, mzee wetu wa Lubumbashi, mpiga gitaa wa kanisa, ameinua mkono. Karibu Papa, simama tukuone. Papa amekishika kitako, anakigeuza kwenye mwanga. Anasema hiki kishikizo anacho kwenye gitaa lake, tena viwili, kimoja nyuma na kimoja shingoni. "Ile tunaiwekaka siku zote," anasema. "Unatoboa katundu kadogo, unapaka sabuni, unageuza pole pole. Mti hautaki haraka." Ndugu zangu, mmesikia. Mtu aliyekaa na muziki maisha yake yote amefika kwa njia ya rumba mahali ambapo mimi nilifika kwa njia ya utafiti. Ninamtambua rasmi kama mwanafunzi wangu.

Anaongeza kwamba mkanda wake unapita mgongoni, anacheza saa tatu za mkesha, mikono yote huru, anapita katikati ya viti na nyaya na watoto, na hajawahi kunasa kwenye mlango. Papa, hatulinganishi vifaa. Anasema kidonda hiki cha mti kinatibika: gundi ya mbao, kibano usiku mzima, halafu tundu jipya pembeni kidogo. Anasema pia skrubu iliyokwama nusu anaweza kuitoa.

Papa, usikae. Makofi kwa Papa. Kikao kinaahirishwa kwa ajili ya sambusa. Wanaotaka vyeti waandike majina kwenye boksi la sabuni. Papa, njoo huku pembeni kidogo. Keekee unayo kwenye gari?